Njia Iliyoandikwa kwa Mkono

Mdogo wake mume wangu ndiye aliyetufungia mashine. Sisi akina mama wa jumuiya ya kanisani tulipanga chumba mtaa wa Sakina tukafungua intaneti kafe, miaka ile kila mtu alipokuwa anafungua biashara yake. Mwenye nyumba alituambia wazi: wateja wakipungua, chumba anampa muuza bia. Mimi ndiye msimamizi. Kila asubuhi kabla ya kufungua kufuli nilimwomba Mungu grosari ya bia isiingie mle.

Mwanzo tulikuwa na dishi tu juu ya bati. Unatuma barua pepe, unachemsha chai, unakunywa, bado haijaenda. Tukaongeza antena ya kampuni ya mjini, wakasema ina kasi. Hakuna kilichobadilika. Vijana wanaopandisha wageni Mlima Meru, wateja wetu wakubwa, wakaanza kuhamia kwingine.

"Shemeji, hiyo antena ni pambo?" nilimuuliza mdogo wa mume wangu.

"Inafanya kazi. Rauta, kile kisanduku kinachogawa intaneti, inachagua yenyewe njia bora. Wewe sali, shemeji, mashine niachie mimi."

Nikarudi kwenye meza yangu. Ila siku hiyo alikuwa ameletwa na pikapu ya yule muuza bia.

Jioni nilikuwa nasoma darasa la kompyuta. Nikamuuliza mwalimu wetu, hivi rauta inachaguaje njia?

"Mama, unaenda harusini Oldonyo Sambu. Mmoja anakuambia panda tu huko juu, mwingine anakutajia boma lenyewe. Unamfuata nani?"

"Aliyetaja boma."

"Na rauta hivyo hivyo. Wakilingana hapo, inaangalia nani kasema. Njia aliyoandika fundi kwa mkono inaiamini kuliko habari za rauta jirani. Wepesi wa njia unakuja mwisho."

"Kwa hiyo fundi akiandika pita kwenye dishi?"

"Itapita kwenye dishi, hata njia ya antena iwe nyeupe kabisa, haina foleni. Labda dishi likatike."

Sikulala vizuri. Asubuhi nikachomoa waya wa dishi. Kurasa zikafunguka mpaka mteja mmoja akapiga makofi. Nikarudisha waya, uzito ukarudi.

Nikamwita shemeji. Akina mama wenzangu wakaketi nyuma yake.

"Tuonyeshe njia ulizoandika kwa mkono."

Akacheka. "Loo! Shemeji, maneno hayo umeyatoa kanisani?"

"Tuonyeshe."

Ulikuwepo, mstari mmoja: kila kitu kipite kwenye dishi. Akasema aliuandika tulipokuwa na dishi peke yake, akasahau kuufuta. Inawezekana.

"Futa tukiona."

Akafuta. Siku hiyo hiyo nikabadilisha neno la siri la rauta, mwalimu akinielekeza.

Vijana wa mlimani walirudi, si wote, ila walitosha. Muuza bia akaja na futi yake kupima pa kuweka kaunta. Alikuta viti vimejaa na wengine wamesimama mlangoni. Akaikunja futi, akatoka.

Shemeji alikuwa anamsubiri kwenye pikapu, kiti cha mbele. Nilimsalimia vizuri, nikamuulizia na watoto. Neno la siri sijampa mpaka leo.