Msimu Niliokaa Benchi

Nikifungua begi langu la michezo hata leo, harufu inayotoka ni ile ile: jasho la zamani, ngozi ya glavu iliyolowa na kukaushwa juu ya redieta ya kupashia nyumba joto mara nyingi mno, na kitu kinachokaribia siki. Wageni hukunja pua. Mimi hurudi moja kwa moja kwenye benchi la mbao kando ya barafu, nikiwa na miaka kumi, nimevaa kila kitu anachovaa mchezaji, na sichezi.

Niwaambie kwanza nilifikaje hapo, maana msichana Mrundi, Mwislamu, wa mtaa wa Laeken, Brussels, hakutarajiwa na mtu yeyote kwenye hoki ya barafuni. Tuliishi wawili tu, mimi na maman, ghorofa ya nne, katika nyumba ambayo ngazi zake zilinuka kabeji ya jirani. Alikuwa amenileta Brussels kutoka Bujumbura nikiwa na miaka minane. Majira yetu ya baridi ya pili, shule ilitupeleka kwenye uwanja wa barafu. Wenzangu waling'ang'ania ukingo. Mimi nilianguka mara tatu, ya nne nikaenda bila kuanguka, na nilipoitwa nivue viatu vya kutelezea nilijifanya sisikii.

Aliyekuwa akinitazama ni kocha wa watoto, Mbelgiji mrefu wa Kiflemi aitwaye Wim, mwenye masharubu na suruali ya michezo iliyopauka magotini. Alimwambia mwalimu wangu niende Jumatano, siku ambayo shule za huku hufungwa mchana. Nikaenda. Klabu ilinipa vifaa vya mtoto aliyekua akaviacha, na maman akanishonea kofia nyembamba ya kitambaa ya kuvaa chini ya helmeti, nywele zisionekane.

"Bon," alisema akinitazama kwenye kioo, "sasa unafanana na muntu wa kuzima moto."

Nilijifunza haraka. Mechi zilipoanza vuli iliyofuata, ni wawili tu katika timu walionizidi mbio. Jumamosi ya kwanza nilipewa jezi, nikakaa benchi, nikangoja. Mechi ikaisha. Nilipomtazama Wim, alisema kwa upole, huku akitazama pembeni, "Hujawa tayari, Salma."

Jumamosi ya pili alisema hivyo hivyo. Na ya tatu. Na ya saba.

Wachezaji wa hoki hubadilishana kila baada ya muda mfupi, na benchi lina kijilango cha kuingilia na kutokea. Kazi ya kukifungua ikawa yangu. Nilifungua, nikafunga, nikafungua. Alipita Mathis, mvulana aliyeteleza kama mtu anayehamisha friji, na kila Jumatano mazoezini nilimnyang'anya, bila hata kuhema, kile kisahani cheusi cha mpira tunachokipigania. Jumamosi yeye alicheza, mimi nilimfungulia mlango.  Nyumbani nilifanya mazoezi sebuleni kwa soksi na mpini wa ufagio mpaka jirani wa chini akapiga dari.

Siku moja nilimfuata Wim na kumuuliza kama ni kwa sababu mimi ni msichana. Akasema hapana. Nikamuuliza kama ni kwa sababu mimi ni mweusi. Uso wake ukawa mwekundu mpaka masikioni, akasema hapana, na akaniambia nije Jumatano nusu saa kabla ya wengine. Kuanzia hapo alinifungulia uwanja mapema kila wiki, akanifundisha kugeuka, kusimama ghafla, kuteleza kinyumenyume. Mimi niliiona kama adhabu.

Kisha ikaja mechi ya mji wa Liège. Nusu ya timu ilikuwa na mafua. Maman, ambaye Jumamosi nyingi alikuwa kazini akisafisha ofisi, alipata nafasi, akaja nami kwa treni. Alikaa jukwaani na makoti mawili na chupa ya chai. Watoto wetu walichoka hadi wakawa wanateleza kwa kuinama, na bado Wim hakuniita. Tulifungwa vibaya. Filimbi ya mwisho ilipolia nilivua glavu, nikamrushia kifuani, na kwa Kifaransa, mbele ya wazazi wote, nikamwita mbaguzi.

Aliiokota glavu. Akaniwekea kwenye begi. 

Nilidhani maman angenitetea. Tuliposhuka stesheni ya Gare du Midi, Brussels, akasema, "Utamuomba pardon." Nikamjibu kwamba hata siku moja. Kwa kawaida angenishika sikio. Siku hiyo alikaza tu kitambaa chake kichwani na kutangulia, na mimi nikaona amenisaliti.

Sikuomba msamaha. Msimu uliofuata, mechi ya kwanza kabisa, Wim alilitaja jina langu mwanzo. Nilifunga mabao mawili, nikaamini kwamba hatimaye nimekuwa tayari.

Imani hiyo ndiyo iliyonijenga, na ndiyo iliyonivunja. Nilikwenda Uswidi nikiwa na miaka kumi na tisa na kucheza hoki ya kulipwa misimu tisa. Nilikuwa wa kwanza kufika mazoezini na wa mwisho kutoka. Daktari aliponiambia nipumzishe goti, nilisikia sauti ya Wim, nikafunga bendeji na kuingia. Mwaka jana goti lilikataa kabisa. Nilirudi Laeken kwa magongo, nikajilaza kwenye kochi la maman, na siku moja, kama nilivyozoea, nikamtaja Wim kwa dharau.

Maman alizima jiko. Akaketi.

Alinieleza kwamba mwaka ule ombi letu la kukaa Ubelgiji lilikuwa limekataliwa na tulikuwa tumekata rufaa. Klabu haikuweza kuniandikia leseni ya mechi bila karatasi za ukaaji. Wim alijaribu, akashindwa. Maman alimwomba asiniambie.

"Maman, mwaka muzima," nilisema. "Ulikuwa unaniona."

"Nilikuwa nakuona. Lakini mutoto akisikia inchi haimutaki, atalala namna gani? Akisikia hajajua kucheza, bon, ataenda ajifunze."

Wim ni mzee sasa, anaishi mtaa wa Etterbeek. Tulimtembelea pamoja. Nilimwomba radhi, miaka ishirini baadaye, na aliipokea kama mtu anayepokea barua iliyochelewa, kwa kuitikia kwa kichwa. Alisema hasira yangu aliiweza, alikuwa mtu mzima. "Ninachojuta ni kingine," alisema. "Karatasi zilipotoka nilipaswa kukuambia kwamba ulikuwa bora tangu mwanzo. Nikaona unacheza, umefurahi, nikanyamaza."

Hapo ndipo nilipotaka kulia, na si kwa huruma. Sentensi moja tu. Ningeibeba Uswidi badala ya ile ya "Hujawa tayari."

Mtoto wa miaka kumi aliona watu wazima wawili wakimnyima mchezo. Leo naelewa kwamba wao walikuwa wamefungiwa nje na sheria zaidi kuliko mimi, na kwamba kati ya maumivu mawili walinichagulia yale niliyoweza kuyafanyia kitu. Huenda mimi pia ningechagua hivyo. Na bado nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani.

Nilimwambia maman hivyo kwenye tramu ya kurudi.  Aliondoa mkoba wake kwenye kiti cha mbele yetu, akauweka mapajani, ili nipate pa kunyooshea mguu.