Adhana Nyumbani kwa Mkwe

Nimekuwa mwadhini wa msikiti wetu mdogo hapa Makambako tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na sasa sauti imechoka. Sisemi imeharibika. Imechoka tu, kama nilivyochoka mwenyewe. Naanza vizuri, halafu inakwaruza, nikifika pale pa kuwaita watu waje kwenye sala inabaki pumzi na kikohozi. Tangawizi nimetafuna. Asali nimelamba. Mke wangu, kabla hajafariki, alikuwa akinifunga shali shingoni kila alfajiri kama ananipeleka chekechea, akisema baridi ya huku haina adabu. Kweli haina.

Na upepo je? Aliyefika Makambako anaujua. Zamani hatukuwa na kipaza sauti, ukiadhini umeelekea vibaya upepo unakurudishia maneno yako usoni, wanasikia kuku wa jirani peke yao. Kwa hiyo nilizoea kupiga kelele. Kipaza sauti kilipokuja nikaendelea kupiga kelele vilevile, mpaka vijana wakawa wananiambia, "Mzee, kuna umeme sasa, sema kama unaongea." Siwezi. Mdomo wangu hauna kipimo cha katikati.

Kelele hizo asili yake ni ng'ombe. Nilizaliwa Mahongole, baba yangu Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, na mimi nilibatizwa, nikasoma kidogo sana, maana shule na ng'ombe havikupatana na ng'ombe ndio walioshinda. Unasimama juu ya kilima unawaita wa bondeni, na upepo nao unaita wa kwake. Baadaye nikaja mjini kufanya kazi kwa mzee mmoja muuza vitambaa, Mwislamu, mtu mpole, nikakaa kwake, nikala kwake, mwisho nikaswali naye. Hakunilazimisha. Aliponisikia siku moja namwita mchukuzi aliye ng'ambo ya barabara, akasema, "Koo hili tulitafutie kazi ya maana." Ndivyo ilivyoanza. Watu hudhani kuna hadithi kubwa zaidi ya hapo. Hakuna.

Sasa, kilichonifanya nishike kalamu na mwandiko wangu huu wa miguu ya kuku ni mjukuu.

Binti yangu wa mwisho aliolewa Yakobi, kule Njombe, na kijana Mkatoliki. Ndoa ilifungwa kanisani. Sikwenda, nilituma mchele. Tangu hapo tukawa tunasalimiana kwa simu, hujambo sijambo, mvua imenyesha, viazi vimetoka, basi. Hatukugombana. Tulichoka tu, kila mtu upande wake.

Msimu huu wa baridi akanipigia. Amejifungua mtoto wa kiume. Nikamwambia hongera. Akanyamaza, nikadhani salio limekwisha. Halafu akasema, "Baba, nataka uje umwadhinie."

Kwa asiyejua: kwetu mtoto akizaliwa anasomewa adhana sikio la kulia, ili maneno ya kwanza kuyasikia duniani yawe hayo. Ni jambo dogo, la kufumba na kufumbua. Lakini mtoto wa watu! Nikamuuliza, "Mumeo anasemaje?"

"Mume wangu hana neno. Mama yake ndiye hataki."

"Sasa mimi nije kugombana na mkwe wangu kwenye nyumba yake?"

"Sauti yako inakwisha, baba. Nasikia hata kwenye simu. Nataka aisikie kabla haijakwisha. Usipokuja sasa, usije tena."

Hilo la mwisho alilisema polepole, ndiyo maana liliniuma. Nilikwenda kwa imamu wetu, kijana msomi, ananiheshimu. Akaniambia, "Mzee wangu, mtoto wa watu yule, watambatiza tu. Utakwenda kujichosha." Nikamwambia kuchoka nimeshachoka, hata nikikaa hapahapa. Akacheka, akasema ataadhini yeye siku hiyo. Siku hizi anaadhini yeye siku nyingi.

Nikafika Njombe asubuhi, ukungu umekaa chini, nyumba za Yakobi zinaonekana mabati tu. Nilimkuta mkwe jikoni anakoroga uji wa mzazi. Ni mama mnene, mjane, kanga moja kiunoni na sweta la kiume juu, rozari shingoni.

"Kamwene, mkwe," nikamsalimia.

"Kamwene." Akanitazama miguu hadi kofia. "Na kipaza sauti umekileta?"

"Nimekiacha."

"Afadhali. Maana nakujua. Wewe ndiwe yule wa karibu na soko la Makambako?"

"Ndimi."

"Ee Mungu wangu! Nilikuwa naleta viazi pale, tunalala juu ya magunia. Hujaota ndoto hata nusu, mtu anakulilia juu ya kichwa. Siku moja ukashikwa na kikohozi katikati, tukacheka mpaka mwenzetu mmoja akaanguka kwenye gunia."

"Sikuwasikia mkicheka."

"Ungesikiaje, na kelele zile?"

Nikakaa kwenye kigoda karibu na moto. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Akanipa chai, na kiazi cha kuchemsha, akaningoja nile. Halafu akaweka mwiko chini.

"Mkwe, tuseme ukweli. Najua ulichofuata. Mjukuu wangu atabatizwa. Baba yake alibatizwa, babu yake alibatizwa na kuzikwa na padri. Sasa wewe ukimsemea maneno yako masikioni, si tayari umemfanya Mwislamu?"

Njiani nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya kumjibu. Yote yakapotea. Nikajibu lililokuwepo.

"Sijui, mama. Mimi nilimwagiwa maji kichwani na Walutheri, tena mengi, baba yangu alisimulia kwamba nililia mpaka ibada ikasimama. Na nitazame nilipo."

Akanitazama kweli. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika kabla kicheko hakijatoka.

"Kwa hiyo hayashiki?"

"Hayo ni ya Mungu, siyajui. Ninachojua, binti yangu aliniita nami nimekuja. Ukinikataza nitamwona mtoto, nitakunywa uji, nitarudi. Sina nguvu ya kugombana. Lakini sidhani kama ataniita tena."

Akamimina uji kwenye kikombe, akaniashiria nimfuate chumbani. Binti yangu alikuwa amekaa kitandani, amejifunika blanketi mpaka kidevuni, macho mekundu. Alikuwa amesikia yote, ukuta wa jiko ni mbao. Hakunisalimia kwanza, alimtazama mama mkwe wake.

"Mimi kutoka hapa sitoki," mama yule akasema, sauti ikimpanda juu kwa hasira au kwa aibu, sijui. "Nitasimama hapahapa. Na kwanza aniambie yana maana gani, nijue mjukuu wangu anaambiwa nini."

Nikamweleza kwa Kiswahili, kifungu kimoja kimoja. Kwamba Mungu ni mkubwa. Kwamba hakuna mwingine wa kuabudiwa. Nilipotaja Mtume akakunja uso, akakamata rozari, lakini hakunikatiza. Njooni kwenye sala. Njooni kwenye kufaulu. Kwa kuwa mdomo wangu haujui kusimama, nikaongeza kwamba alfajiri tunasema pia sala ni bora kuliko usingizi.

"Hilo usimwambie!" akaruka. "Alale! Mama yake hajafumba jicho tangu azaliwe."

"Hilo halimo kwa mtoto mchanga, mama."

"Lisiwemo kabisa."

Binti yangu akacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu aolewe, akanipa mtoto. Alikuwa mwepesi mno. Nilikwishasahau walivyo wepesi. Nikauliza kaskazini ni wapi, maana kwa ukungu ule sikuona jua wala kivuli, na chumba cha watu hakina dalili. Mkwe akanyoosha mkono dirishani, "Makambako kule." Ikatosha. Kibla chetu kiko upande huohuo.

Nikasimama, nikamweka sawa mkononi, mdomo karibu na sikio lake la kulia. Na hapa ndipo nilipofanya ujinga wa mwadhini mzee. Tangu nianze kazi hii sijawahi kumwadhinia mtu mmoja. Hata wanangu mwenyewe waliadhiniwa na yule mzee wa vitambaa, akisema mimi nitawapasua masikio. Mwili haukujua. Nilivuta pumzi kama ninavyovuta kule, na ile Allahu Akbar ikatoka yote, sauti ambayo msikitini ilikuwa imenikataa miezi mingi, ikatoka safi kama namwita ng'ombe bondeni.

Mtoto akashtuka, akanyoosha mikono yote, akapiga yowe. Kuku wakatawanyika nje. Mkwe wangu wa kiume akaja mbio kutoka shambani, jembe mkononi, matope mpaka magotini, "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu," mama yake akamfokea. "Babu anaongea na mwanao. Toka na jembe lako!" Kisha akanigeukia. "Mkwe! Yuko hapo mkononi kwako, hayuko Tunduma!"

Nilitaka kumrudisha mtoto. Koo lilikuwa limeishia palepale. Binti yangu akasema, "Endelea, baba." Basi nikaendelea na kilichobaki. Kilikuwa mnong'ono, mkwaruzo tu, wala sidhani hata mtu aliyesimama mlangoni angeusikia. Mtoto alilia kidogo, akahema, akanyamaza, akageuza kichwa upande wa mdomo wangu, pengine akitafuta ziwa. Nikamalizia sikio la kushoto kwa iqama, ule mwito mfupi wa kusimama kuswali, kama inavyotakiwa. Nilipomaliza nilikuwa na jasho, kwenye baridi ile.

"Umemaliza?" mkwe akauliza.

Nikatikisa kichwa kukubali. Sauti haikuwepo tena.

Akamchukua mtoto, akamfunika vizuri, akampa mama yake anyonye. Akamchora msalaba kwenye paji la uso kwa kidole gumba, mbele yangu, bila kuficha. Binti yangu akanishika mkono, akauweka shavuni kwake, akausahau hapo. Nilisimama hivyo nimeinama, mgongo unaniuma, sikutaka kuutoa.

"Ubatizo ni mwezi ujao," mkwe akaniambia. "Uje."

Nikamnong'oneza kwamba nikiwa mzima nitakuja, nitawasubiri nje.

"Nje kuna baridi," akasema. "Utakaa ndani na wenzako wazee. Sasa keti unywe uji, umesimama kama nguzo."

Nikaketi.