Leso Niliyoipunga Juu ya Sagala

Haya nimeyaficha miaka mingi, na hata leo nikiyataja nahisi uso wanichoma, lakini kwa kuwa wajukuu wangu washayapata nusu nusu kwa mama yao, na kila anayeyahadithia huongeza lake, heri niyaseme mwenyewe: mimi, Bi Rehema wa Kibokoni, mzazi wa watoto sita, nilibebwa kwa machela kushushwa mlima mzima na miguu yangu yote miwili ni salama.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mwanangu Swaleh, karani wa ghala kule Mbaraki, alikuwa amempenda Mariamu, msichana wa Kitaita aliyekuwa akishona nguo kwa fundi mmoja hapa Mji wa Kale, Muislamu mwenzetu, mpole, mikono haitulii. Wazee wetu walikuwa washakwenda kwao kuposa, wakarudi na jibu fupi, kwamba mtoto hawamnyimi, ila mama wa kijana naye apande wamwone kabla hawajasema ndiyo. Apande! Kwao ni juu ya mlima wa Sagala, ule uuonao ukifika Voi, na sisi gari hatuna, na mlima niliokuwa nikiujua mimi ni ngazi za nyumba ya jirani yangu Bi Saumu, ghorofa tatu, ambazo nikizipanda hutua mara mbili (na mara ya pili huomba maji).

Bi Saumu huyohuyo ndiye niliyefuatana naye. Tulishika basi la alfajiri pale Mwembe Tayari mpaka Voi, na kutoka Voi hapakuwa na cha kutupeleka ila trekta la shamba la mkonge, basi tukakaa juu ya tela na mabuibui yetu, vumbi latujaa, tumeshikana mikono kama watoto wa chuo cha Kurani.

"Rehema," Bi Saumu akaniambia, "hebu nambie, watu wazima sisi twatafuta nini juu ya tela?"

"Twatafuta mkwe."

"Wengine huwapata hapo Kuze, mtaa wa pili, kwa miguu."

Chini ya mlima tukateremka tukaanza kupanda, na hapo ndipo nilipoanza kunyamaza, maana sikwambii uzuri wa kule. Maji yapita kando ya njia, yameelekezwa kwa mifereji midogo kutoka shamba hili hadi lile, na hakuna anayemnyang'anya mwenzake. Migomba imesimama mahali ambapo mimi singeweza kusimama. Wanawake watupita na mizigo ya kuni kichwani, wapanda huku wazungumza, wala hawahemi, na kila mmoja asimama kutuamkia na kutuuliza twaenda kwa nani. Nilikuwa nimetoka mjini na maneno ya watu kichwani, ati watu wa mlimani wako hivi na vile, na kila kona niliyoipanda nililitupa moja, mpaka nilipofika kwa kina Mariamu nilikuwa sina hata moja, wala pumzi sina.

Babake Mariamu, Mzee Mwakio, alitupokea kwa heshima akatuacha na mkewe, Bi Mkamburi, mama mwembamba, maneno machache, macho yake yakikutulia unajiona umevaa vibaya. Ndiye niliyekuja kutazamwa naye. Tulikula ndizi za nazi na maharagwe, tukaswali adhuhuri, kisha yeye akasema, "Mgeni wetu hashuki bila kuliona jiwe." Jiwe lenyewe ndicho kilele chao, liko juu ya nyumba zote, laonekana kutoka uani pake.

Bi Saumu akacheka mpaka akashika mbavu. "Nani, huyu? Huyu ngazi zangu zamshinda! Akifika kule juu mimi nanyoa kichwa."

Ningenyamaza tu, siku ile ingepita salama. Lakini mimi na kejeli ya Saumu! Nikamwambia, "Kaa papo hapo uani utazame. Nikifika nitakupungia leso, na wembe uwe tayari."

Basi, leso hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Bi Mkamburi alinishauri nivue buibui lisije likanikwaza, nikabaki na kitambaa kichwani na doti yangu nzuri ya rangi ya zafarani, kipande kimoja kiunoni na cha pili mabegani. Tukapanda. Mara nyingi niliona nitafia pale (nilihesabu dhambi zangu zote, nikarudia), na kila nikisimama naye husimama, hujifanya kutazama mimea ya watu ili nisione haya. Karibu na kilele akaitwa na mwanamke mmoja shambani mwake kuhusu mgonjwa, akaniambia nitangulie, njia ni moja tu.

Nikatangulia, nikafika. Jamani! Nchi yote imetandikwa chini, tambarare haina mwisho, na vivuli vya mawingu vyatembea juu yake, na reli ni kama uzi aliouangusha fundi, na treni la mizigo lajikokota juu yake kama jongoo. Mimi tangu kuzaliwa nimeona mbele yangu ukuta wa nyumba ya pili na kipande cha mbingu. Machozi yakanitoka, nikajiambia, wanaoamka na kuyaona haya kila siku si watu wa kudharauliwa.

Nikakumbuka ahadi yangu. Nikaitoa leso mabegani, nikaipunga, nikapiga vigelegele kama vya harusini kwetu, virefu, vya roho yote. Mara nikasikia kule chini, ngo! ngo! ngo! Ni kipande cha reli kilichotundikwa shuleni, wakipiga kama kengele. Loo, nikafurahi! Nikasema watu hawa wana adabu, wanaitikia furaha yangu. Nikazidisha. Nikapunga kwa mikono miwili, nikavipiga tena, nikacheza na kiuno kidogo (hakuna anionaye).

Sikujua kwamba kijiji kile kina mazoea yake. Mtu aliwahi kuteleza kwenye jiwe lile wakamchelewa, na tangu siku hiyo walipatana kwamba nguo ikipungwa juu pale na mwanamke akapiga kelele, basi mtu kaanguka, reli igongwe, na kila mwenye nguvu aache alilonalo apande na machela.

Na kweli waliacha. Wa kwanza kutokea alikuwa Mwadime, shavu moja limenyolewa na la pili lina povu la sabuni. Nyuma yake Mwambi na jembe bado mkononi, kisha Nyambu na Mwasi na machela ya miti na magunia, jasho lawatiririka, na nyuma yao Bi Mkamburi yuaja mbio, kijivu usoni.

"Ameanguka nani?" akauliza Mwadime.

Niliwatazama nyuso zao. Ningesema, "Hakuna, baba zangu, nilikuwa nikimcheza shere jirani yangu," ningecheka nao yakaisha. Ulimi ukakataa. Niliona nimeitwa kupimwa ukwe, na nimewapandisha watu mlima kwa ajili ya mchezo. Nikajikuta nimekaa kitako, nimeshika kifundo.

"Mguu wangu," nikasema.

Bi Mkamburi akapiga magoti, wala hakuuliza neno la pili. Akashika pindo la leso yake mwenyewe, mpya, nilikuwa nimeisifu tulipofika, akaipasua kraa! akanifunga kifundo. Moyo wangu nao ulipasuka hapo, lakini uwongo ukishakaa juu ya machela huwezi kuuambia ushuke. Wakanilaza, wakanifunika leso yangu mpaka usoni kwa ajili ya jua, wakaniinua.

Na mimi si mwepesi, nawaambieni. Nilikuwa nikisikia pumzi zao chini yangu. Njia nyembamba, upande mmoja korongo, na wao washika mwendo mmoja kama mtu mmoja, aliye mbele husema "jiwe," wa nyuma huitikia "jiwe," ili asijikwae. Wakibadilishana bega hawanitikisi hata kidogo. Nilichungulia chini ya leso nikaona bega la Nyambu limechubuka, latoa damu. Nikafumba macho. Singeweza kutazama wema mkubwa namna ile uliokuwa unatumika kwa mguu mzima.

Tulipokaribia uani, Bi Saumu akatoka mbio. Sasa fikirini alichokiona yeye: watu wanne kimya, miti mirefu mabegani, na juu yake mtu kafunikwa gubigubi, na ile leso aijua. Kwetu sisi hilo ni jeneza, hapana jengine. Alipiga ukelele mmoja tu, "Rehema wangu!" akaanza kuanguka kuelekea ukingo wa mfereji.

Wallahi sikufikiri. Niliruka kutoka juu ya machela, nikakimbia kwa miguu yote miwili, nikamdaka kabla hajagonga mawe. "Saumu, mimi ni hai! Saumu, nitazame!"

Akanitazama. Kisha nikaukumbuka mguu wangu.

Nikageuka. Watu wanne na machela matupu. Mzee Mwakio mlangoni. Bi Mkamburi na leso iliyopasuliwa. Nikayasema yote, papo hapo, nimesimama, nalia: ngazi, kejeli, vigelegele, uwongo. Nikasema, "Mkimkataa mwanangu mna haki, ila yeye si mwongo, ni mimi."

Mwadime, povu limemkauka shavuni, ndiye aliyejibu kwanza. "Mama, sisi tulipanda tukiomba tumpate mtu yu mzima. Tumempata." Akaketi kupumzika, na wenzake wakaanza kucheka, na Mzee Mwakio akasema, "Alhamdulillahi, mguu ni salama."

Bi Mkamburi hakucheka. Alinijia mpaka karibu. "Bi Rehema, mwanangu akija kwako, siku mkikosana utamwambia kweli, au utashika mguu?"

"Nitamwambia kweli."

Kisha akainama, akaufungua ule utepe wa leso kifundoni mwangu, taratibu, kama vile bado naumwa. "Basi waambie wazee waje."

Nilimwachia kipande kimoja cha doti yangu, kile nilichokipunga, na siku ya arusi hapa Kibokoni yeye alivaa hicho na mimi nilivaa chenzake, ikawa doti moja kwa mama wawili. Wale wanne nao niliwaalika, Mwadime na Mwambi na Nyambu na Mwasi, wakaketi mbele (na Bi Saumu, nywele zake bado anazo, mwongo kama mimi).

Tangu hapo nikianika leso darini hata upepo ukiipunga hukimbilia kuikunja. Na Mariamu, Mungu ampe umri, nikianza kuzungukazunguka jambo nisitake kulisema, huacha kushona, akanitazama kwa macho ya mamake, akaniuliza kwa upole, "Mama, leo ni mguu upi?"