Mzee wa Marekani Hakuwa Babu Yetu

Barua ya chuo cha Marekani iliingia kwenye simu ya mdogo wangu wakati tuko mtoni tunaosha karoti. Aliisoma amesimama ndani ya maji, na nikajua ni mbaya kwa sababu hakunisomea. Habari njema huwa ananisomea kwanza kwa Kiingereza, kwa madaha, ndipo anageuza Kiswahili.

"Wanasemaje?"

"Wanataka maelezo, dada."

"Maelezo gani tena? Si walishakupa nafasi?"

"Kuhusu yule mzee."

Yule mzee nilimjua. Alikuwa mwanasiasa wa Marekani, mkongwe, anayesinzia vikaoni na hataki kung'atuka. Mdogo wangu alimfuatilia mtandaoni kama vijana wengine wanavyofuatilia mpira. Kwa sababu yake, siasa za Marekani ziliingia jikoni kwetu kila siku pamoja na kuni. Nilijua nani asubuhi kamwita mwenzake mwizi na jioni wakapiga picha pamoja wanacheka. Nilijua pia kwamba kuna matajiri huko wanaotoa sarafu zao wenyewe, zisizoshikika, na watu wanazigombea.

"Sarafu hiyo inanunua nini?" nilimuuliza siku moja.

"Hainunui kitu, dada. Inapanda tu."

"Ikishapanda?"

"Inashuka."

Nikamwambia aangalie mwenyekiti wetu wa kitongoji, aliyempa shemeji yake kazi ya kusimamia bomba la maji, asije akasikia habari hizi naye akatoa sarafu yake.

Sasa pale mtoni alinionyesha alichokuwa akiandika kwenye ukurasa wa mzee yule kwa miaka mitatu. Ilikuwa kwa Kiingereza, akanitafsiria huku anaangalia maji. "Babu, bado upo tu? Kaburi tumechimba, linajaa mvua." Mahali pengine: "Babu, fanya haraka ufe, nimrithi bibi angali anaweza kupika." Nilicheka. Sikuweza kujizuia. Hivyo ndivyo alivyokuwa akimsalimia babu yetu aliyebaki nasi baada ya wazazi kufariki, na babu naye alimjibu kwamba bibi hawezi kuolewa na mwanaume anayekojoa kitandani.

Lakini huko Marekani kuna mtu aliyekusanya maneno hayo yote, akayapigia mstari mwekundu, akayapeleka chuoni. Kwao ilisomeka kwamba kijana wa Kiafrika anataka mzee afe na tena ana mpango na mke wake. Chuo kilimpa wiki moja ajieleze, la sivyo nafasi na ufadhili vingekwenda kwa mwingine.

"Nimeshajua la kuandika," alisema. "Nitasema akaunti yangu ilidukuliwa."

"Ilidukuliwa?"

"Hapana. Lakini wote husema hivyo, dada. Mwanasiasa wa kule akikamatwa ameandika upuuzi, anasema akaunti ilidukuliwa. Wiki inayofuata watu wameshasahau."

"Wewe utasahau?"

Akaanza kutia karoti kwenye kiroba.

"Andika kwamba ulikuwa unatania."

"Watanicheka. Dada, wewe huwajui watu hawa. Ukitaja babu na kaburi na bibi, wataona sisi ni vichaa."

"Basi watuone vichaa."

Alifunga mdomo wa kiroba kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akakibeba kupanda mlima bila kunisubiri. Mimi niliacha shule kidato cha kwanza, mwezi wa pili, daftari zikiwa bado na kurasa nyeupe. Yeye alikuwa na miaka minne. Sikuwahi kumdai shukrani kwa hilo, na siku ile pia sikumkumbusha. Lakini sikuwa tayari aondoke nyumbani kwa uongo, hata kama ukweli ungemzuia kuondoka. Nilijua ninachomwomba. Nilijua pia kwamba kikimharibikia, ataishi na mimi na atanilaumu kila atakapoona karoti.

Aliandika ukweli. Baada ya siku mbili wakajibu kwamba wanataka kuzungumza naye kwa video, pamoja na mtu mzima wa familia yake.

Mtandao kwetu hushika vizuri juu ya shamba la kabichi. Saa kumi na moja jioni tulikaa huko kwenye mkeka, mimi na kitenge changu cha kanisani. Kwao ilikuwa asubuhi. Akatokea mama mwenye nywele nyeupe. Nikamwamkia, "Shikamoo."

Mdogo wangu akatafsiri kwa neno moja fupi.

"Shikamoo yangu yote imekuwa hilo tu?" nikamuuliza.

"Dada, tafadhali."

"Mweleze vizuri."

Akamweleza. Yule mama akauliza huitikiwaje, akafundishwa, akasema marahaba. Aliisema vibaya sana, lakini aliisema. Baada ya hapo sikumwogopa.

Akamuuliza mdogo wangu mambo mengi, na kijana wa watu akajibu huku jasho linamtoka na baridi yote ile. Mwishoni akaniuliza mimi: je, ndugu yako alitaka mzee yule afe?

Nikasema, "Mama, babu yetu tulimchimbia kaburi kwa mdomo kila asubuhi, naye akafurahi. Siku aliyougua kweli, huyu alikuwa na miaka kumi. Aliingia chumbani, akakaa miguuni pake, hakusema hata neno moja la utani. Ndipo babu alipojua kwamba anakufa."

Mdogo wangu alianza kutafsiri, akafika katikati, akageuza uso kuelekea kabichi. Yule mama akasubiri. Hakumharakisha. Alipomaliza, mama akasema yule mwanasiasa, mzee wa watu, hakuwa na namna ya kujua hayo. Nikamwambia ni kweli, na kwamba hapo ndipo mdogo wangu alipokosea. Alimtania mtu ambaye hajawahi kumwamkia.

Siku tisa hatukusikia kitu. Hakunilaumu, ila alikuwa akiamka mapema na kupalilia peke yake, na mimi nilijiuliza kama ukaidi wangu ndio uliomfungia mlango. Siku ya kumi alinifuata shambani akikimbia. Wamekubali. Aombe radhi kwenye ukurasa ule ule, kisha aendelee na maandalizi ya safari.

Nilifurahi, halafu nikatambua kwamba nimemtetea mpaka nimempoteza.

"Una masharti gani mengine, dada?" aliuliza, akinichokoza.

"Moja. Huko usimtanie mzee yeyote mpaka yeye akutanie kwanza."

"Na asiponitania?"

"Mwamkie tu, usubiri."

"Mpaka lini?"

"Hata mwaka mzima. Chuo chako ni cha miaka minne."