Bi Nywila na Mlango wa Seva

Kuanzia Jumatatu, hakuna mtu, awe nani, awe na cheo gani, atakayeingia kwenye mfumo wa kumbukumbu za viwanja bila kujitambulisha kwa jina lake na nywila yake. Ndivyo alivyotamka Mkurugenzi wa idara, akiwa amesimama, na tamko likabandikwa kwenye kila mlango, pamoja na ule wa choo cha ghorofani, ambacho hakina kompyuta.

Kulitimiza kulimwangukia fundi wa seva, mwanamke aliyekuwa na mkataba wa muda tangu mwanawe hajaota meno. Sasa mwana huyo yuko sekondari. Aliahidiwa ajira ya kudumu mfumo ukishatulia. Ajira ya kudumu ina bima, bima inamgusa mzazi, na mzazi wake alikuwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili.

"Ile karatasi yako imesainiwa?" mama alimwuliza kila jioni, akigeuzia uso mlio wa viatu.

"Bado, mama. Mpaka watu waache kulalamika."

"Basi utangoja sana, mwanangu."

Moduli yenyewe, kipande cha programu kinachouliza jina na nywila, haikumsumbua. Aliipakua, akaiwasha kwenye mipangilio ya seva, akatengeneza faili la majina, akaiamuru seva isimfungulie asiyekuwemo. Akaiwasha upya seva, na jengo zima likamgeukia. Watu walikuwa wamesahau nywila zao kabla ya chai. Mhasibu, mtani wake wa siku nyingi, alimbatiza Bi Nywila.

"Bi Nywila, mbona unanitenga? Nimeweka jina la mke wangu, imekataa."

"Labda imemuuliza mwenyewe, shemeji."

Wiki haijaisha, Mkurugenzi alimwita.

"Dada, kompyuta yangu imeniuliza mimi ni nani."

"Ni agizo lako, mkuu."

"Agizo ni la wafanyakazi. Mimi sijitambulishi ofisini kwangu. Niondolee hilo swali, mimi tu, bila kelele. Karatasi yako iko hapa mezani. Nataka nimalize haya mambo yote kwa mpigo."

Moduli inaruhusu kitu cha namna hiyo: unaandika mstari wenye anwani ya mashine, yaani namba yake ya mtandaoni, na mashine hiyo haiulizwi neno. Fundi alishuka kwenye chumba cha seva, chenye baridi ya kufisha vidole, akampigia simu mkuu afungue ukurasa, akatazama kwenye rekodi za seva ombi limetoka anwani gani, akaiandika, akili yake ikiwa kwenye karatasi ile mezani. Mkuu akapita bila kuulizwa. Karatasi ikasainiwa, ikagongwa mhuri.

Baada ya hapo malalamiko yalikatika ghafla. Mhasibu alimletea soda. Fundi wa seva hapendwi hivyo bure; akaingiwa na wasiwasi, akazifungua rekodi tena. Anwani aliyoiandika haikuwa ya mashine ya mkuu. Maombi yote ya ofisini hupitia kifaa kimoja cha kati kabla ya kufika kwenye seva, na seva huiona anwani ya kifaa hicho tu. Alikuwa amewafungulia wote. Yeyote mwenye kiti na kipanya aliweza kubadili jina la mwenye kiwanja, na seva isijue ni nani.

Jambo hilo alilijua tangu chuoni, na ndilo lililomuuma. Akapanda juu.

"Mkuu, nimekosea. Ule mstari umewapitisha watu wote. Naomba niufute."

"Ukiufuta, nitaulizwa tena?"

"Kwa siku chache, mpaka nikipange upya kifaa cha kati."

"Kuna aliyelalamika?"

"Hakuna."

"Basi mfumo umetulia." Mkurugenzi akarudi kusoma gazeti lake. "Mama yako vipi, bima imemkubali?"

"Jicho la kwanza ni Alhamisi, mkuu."

"Mpe pole zangu."

Fundi akasema ahsante, akashuka. Mstari haukufutwa. Alhamisi mama alipasuliwa jicho, na bandeji ilipotolewa akatazama huku na huku, akasema nyumba ina vumbi.

Mashine iliyo kwenye chumba cha seva haipitii kifaa cha kati. Imeunganishwa na seva moja kwa moja. Kwa hiyo kila asubuhi, katika idara nzima, anayeulizwa jina na nywila ni fundi peke yake, naye huziandika.