Saini ya Baba kwenye Magunia ya Shabu

Kwa miaka ishirini na tisa baba yangu alipoza shabu, ile ya kusafishia maji, katika kiwanda kilicho nyuma ya stesheni. Kazi yenyewe ni subira tupu: maji ya shabu yanachemshwa, yanaingizwa tangini, kisha yanaachwa yapoe siku nzima huku fuwele zikijijenga chini, safi kama kioo. Wenzake walimwita Mzee Taratibu, na alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Akaja mhandisi mpya, viatu vinang'aa, maneno mengi. Akafungulia maji baridi kuzunguka tangi, shabu ikawa tayari kwa saa tano.

"Bosi, fuwele zinakua mbio mno, zinameza maji," Baba alimwambia. Akainua fuwele moja dirishani. Ndani yake palikuwa na tone, likitembea kila alipoigeuza.

"Mzee, nje ni kavu, si kavu?"

"Nje ni kavu."

"Basi tia saini."

Pale kiwandani gunia halitoki bila saini ya mpoza tangi kwenye kadi yake, chini ya neno KAVU. Baba akaja nyumbani na kadi arobaini mfukoni, zote tupu. Akaniuliza mimi bintiye, karani wa shule, mjuzi wa makaratasi. Nilikuwa napiga pasi. "Baba, umebakiza mwaka mmoja tu ustaafu. Saini, usijitafutie balaa." Hata uso sikuinua.

Akasaini zote pale mezani, kwa mwandiko wake mzuri.

Miezi miwili baadaye magunia yalirudishwa. Njiani fuwele zilipasuka, maji yakatoka, shabu ikashikana ikawa jabali. Mhandisi akapanga kadi arobaini mezani. Saini ya nani hii? Baba akafukuzwa siku hiyohiyo, bila kiinua mgongo, kwa uzembe. Uzembe! Baba yangu!

Nilikwenda kumwombea, nikarudi mikono mitupu. Tangi sasa linapozwa siku nzima tena. Ukutani yamebandikwa maelekezo mapya, maneno yaleyale ya Baba, na chini yake jina la mhandisi.

Baba hajanilaumu hata siku moja. Afadhali angenitukana.

Juzi nilimpelekea fomu ya kliniki. Akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena, akanirudishia pamoja na kalamu.

"Weka yako, mwanangu," akasema. "Yangu haiaminiki tena."