Ndege Mbili na Kiwanja Kilicholimwa

Ndege ya zamani ilikuwa imenizidi umri, na sikuipenda. Mnisamehe ninyi mnaosema vitu vya kale ndivyo imara. Hamkuwahi kuketi nyuma ya injini ile asubuhi ya baridi ya Embu, mkijiuliza kama imekohoa au ni masikio yenu tu. Mimi nilijiuliza kila siku. Hata nyumbani, nikinywa chai, nilikuwa bado naisikiliza, mpaka mke wangu akawa ananiuliza kuna nini huko nje.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa rubani wa huduma ndogo ya afya ya kanisa. Tulipeleka daktari na chanjo kwenye viwanja vya nyasi huko nyanda za chini, Mbeere na sehemu kavu za Meru, na kurudi na wagonjwa. Barabara zilikuwepo, lakini mvua ikinyesha mito ilizikata, na watu wa ng'ambo wakabaki na Mungu na sisi.

Kisha wafadhili wakatuletea ndege mpya tuijaribu. Tungebaki na moja tu, nyingine iondoke. Kamati ikasema nichague mimi, kwa kuwa mimi ndiye nitakayeirusha. Walidhani wananiheshimu. Kwa kweli waliniondolea usingizi.

Ile ya zamani ilikuwa na magurudumu mawili manene mbele na kigurudumu mkiani, kwa hiyo ikiwa chini ilikaa pua juu. Iliweza kutua popote ambapo ng'ombe wangeweza kulala. Lakini silinda zake zilikuwa zimetiwa viraka, vipuri vilisakwa Nairobi kama dawa ya mtoto mgonjwa, na fundi wetu alikuwa ameshaniambia, "Kapteni, hii injini mimi naibembeleza tu." Mpya ilinguruma vizuri, mlango wake ulifungwa bila kugongwa, na gurudumu lake la tatu lilikuwa chini ya pua. Ilitaka ardhi ngumu, basi. Mke wangu alikuwa ameshaichagua kabla yangu. Akina mama wa kanisa waliiombea kila Alhamisi. Nami nilikuwa nimekata shauri: mpya.

Siku ya kuionyesha kwa watu wa nyanda za chini nilimbeba mwenyekiti wa kamati, mwalimu mkuu mstaafu kutoka Meru, ambaye sote tulimwita Mwalimu. Kabla hatujaondoka, muuguzi wa zahanati ya kule, tuliyemwita Sista, alituita kwa redio. Kulikuwa na mama aliyeshikwa na uchungu tangu jana, mtoto amekaa vibaya, na mto umefurika. Nikamwambia tunakuja, tungerudi naye.

Tulipofika juu ya kiwanja nilidhani nimepotea. Nilizoea kuona mstari wa kijani. Nikaona mstari mweusi, mtupu, unaong'aa kwa maji. Pembeni watu walikuwa wamejipanga na nguo za Jumapili, na kwaya ikipunga mikono. Nikashika redio.

"Sista, nyasi za kiwanja zimeenda wapi?"

"Tumelima, Kapteni!" akajibu kwa furaha. "Kijiji kizima, jana asubuhi. Wageni wanakuja, tutawapokea kwa msitu?"

Nilitaka kulia na kucheka. Kwetu boma safi ni boma lililofagiliwa mpaka udongo uonekane, na nyasi ni uchafu, ni uvivu, ni nyoka. Wenzangu hawa walikuwa wamenifanyia heshima kwa majembe. Halafu mvua ikanyesha usiku kucha juu ya udongo mweusi ule unaonata.

Nilipita chini chini mara moja nipime kwa macho, nikapanda tena. Gurudumu la pua lingezama, rafadha inayozunguka puani ingepiga tope, na tungepinduka mbele ya kwaya. Mwalimu alikuwa amekamata kiti kwa mikono miwili.

"Mbona hushuki? Yule mama je?"

"Nikishuka na hii, Mwalimu, watakuwa na wagonjwa watatu na hakuna ndege."

Nikamwambia Sista wazirudishe nyasi walizolima, wazitandaze juu ya tope, waongeze na matawi. Kisha nikageuza kwenda Embu kuchukua ile nyingine. Njia nzima nilikuwa nikiwaza jambo moja tu: kama ile kongwe itakataa kuwaka, mama yule atakufa.

Iliwaka mara ya kwanza, nikazidi kuogopa, maana sasa ilinibidi kuirusha. Fundi alisimama kando ya bawa bila kupunga mkono, Mwalimu nyuma yake.

Niliporudi, kwaya ilikuwa imebeba nyasi kwa vikapu, sketi nyeupe zimekuwa nyeusi hadi magotini. Nikavuta usukani wote kifuani, mkia ukagusa kwanza, magurudumu manene yakafuata, na tope likafunika kioo. Tuliteleza kando, tukasimama. Hakuna aliyeimba. Walimleta mama kwenye kitanda cha kamba, macho ameyafumba, na Sista akapanda naye.

"Kapteni, itatoka kweli?" akaninong'oneza.

"Itatoka," nikasema. Sikujua.

Ilitoka. Nyasi ziliisha kabla ya kiwanja kuisha, matope yakatushika, na kwa muda nikaiona miti tu. Kisha ndege ikajikokota juu, magurudumu yakikwaruza matawi. Juu ya mto injini ikakohoa. Safari hii haikuwa masikio yangu, kwa sababu Sista alinitazama. Ikakohoa tena. Niliomba kwa sauti, kwa Kiembu, maneno niliyofundishwa utotoni. Ikashika mwendo, na sijui kwa nini.

Embu gari la hospitali lilikuwa linangoja, na Mwalimu pia. Alikaa kwenye ofisi yetu mpaka habari zikaja jioni: mama mzima, mtoto mzima. Ndipo akanitazama, mimi na matope yangu.

"Haya, Kapteni. Kamati inataka jibu."

"Tubaki na ya zamani."

"Si wewe ulituambia itakuua?"

"Bado nasema hivyo."

Akauliza kama hatuwezi kuwaomba wale watu wasilime tena. Nikamwambia tutawaomba, na watakubali, lakini hata nyasi zikiwepo, mvua ikizidi ile mpya haitatua pale. Alitikisa kichwa, akavaa koti lake aipelekee kamati jibu.

Nyumbani mke wangu alikuwa anaponda mukimo, viazi na mahindi na mboga za majani. Aliona nguo zangu, akaona uso wangu. Nilimweleza yote, hata injini ilivyokohoa, kwa kuwa sikuwahi kumficha. Mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

"Kwa hivyo umechagua gani?"

"Ya zamani."

Akaponda tena kidogo. "Yule mama alipata nini?"

"Msichana."

"Haya," akasema. Akanipakulia sahani ikajaa, akaketi mbele yangu akinitazama nikila. Yeye hakula.